Fyuzi Iliyokatika Mara Nne

Tuchukulie Toyota Noah iliyopakia mihogo na abiria wachache Mzenga, wilayani Kisarawe, inaelekea Mlandizi, upande wa Kibaha. Ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Dereva anawasha taa, dashibodi inang'aa, mwanga wa mbele unamulika vumbi. Gari linaingia shimo la kwanza na kutoka. Linaingia la pili, na namba za spidi zinatoweka gizani. Taa kubwa za mbele bado zinawaka na barabara inaonekana, kwa hiyo dereva anaendelea na safari. Asichokiona ni kule nyuma: taa nyekundu zote mbili zimezimika, na lori linalomfuata halina kitu cha kuona isipokuwa giza.

Asubuhi anafungua kifuniko cha fyuzi chini ya dashibodi, anachomoa ile iliyoandikwa TAIL na kukuta kiwaya chake kimekatika, plastiki imeingia weusi. Fyuzi si ghali. Ananunua tatu. Ya kwanza inakatika siku hiyohiyo, ya pili kesho yake, ya tatu inajitahidi mpaka Jumamosi. Ndipo dereva mwenzake anapompa ushauri ambao umeshaunguza nyaya za magari mengi: "Weka ya thelathini, kaka. Hiyo haitakatika."

Huenda kweli isikatike. Lakini umeme uliokuwa unaikata fyuzi ndogo bado upo, na sasa unatafuta kitu kingine cha kuunguza.

Njia ya mkato

Mafundi wa Tanzania huita tatizo hili shoti, na neno lenyewe, yaani njia fupi, linaeleza kilichotokea. Umeme wa gari una safari yake. Unatoka upande wa chanya wa betri, unapita kwenye fyuzi, swichi na waya, unafika kwenye balbu na kufanya kazi ya kutoa mwanga, kisha unarudi upande wa hasi wa betri. Safari ya kurudi haihitaji waya wa peke yake kwa urefu wote, kwa sababu bodi ya gari ni chuma na chuma hupitisha umeme. Watengenezaji waliona ni kupoteza shaba kuvuta nyaya mbili kwenda kila balbu, basi wakaifanya bodi nzima kuwa njia ya kurudia. Mafundi huiita ethi.

Mpango huo unaokoa fedha na uzito, lakini una gharama yake. Waya wa kwenda unapita kandokando ya chuma cha kurudia kuanzia mbele ya gari hadi nyuma, na kinachovitenganisha ni ngozi ya plastiki isiyozidi unene wa ukucha. Ngozi hiyo ikichunika mahali pamoja tu na shaba ikagusa bodi, umeme hauna tena haja ya kwenda hadi kwenye balbu. Unakatisha njia na kurudi kwenye betri bila kufanya kazi yoyote.

Kazi ndiyo inayoupunguzia kasi. Georg Ohm, mwalimu wa Ujerumani aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827, alionyesha kwamba kiasi cha umeme kinachopita ni volti ukigawanya kwa ukinzani wa njia. Balbu ya taa ya nyuma ina wati 5, kwa hiyo kwa betri ya volti 12 inavuta takribani ampea 0.4. Balbu ya breki ya wati 21 inavuta ampea 1.75. Taa kubwa ya mbele ya wati 55 inavuta kama ampea 4.6. Hizo ni ampea za kawaida, na waya uliowekwa kiwandani unazibeba bila kupata joto la kusumbua. Sasa ondoa balbu, acha waya uguse chuma, na tuseme ukinzani uliobaki ni sehemu 5 za mia za omu. Gawanya 12 kwa 0.05. Unapata ampea 240, na betri ya gari dogo, inayozoea kuzungusha injini baridi wakati wa kuwasha, ina uwezo wa kuzitoa.

Hapo ndipo fyuzi inapofanya kazi iliyowekewa. Ni kipande dhaifu kuliko vyote kwenye njia, na kimewekwa kiwe dhaifu kwa makusudi, ili umeme ukizidi kikatike chenyewe kabla waya haujaungua. Fyuzi bapa za rangi tunazozijua leo zilitengenezwa na kampuni ya Littelfuse ya Marekani katika miaka ya 1970, na rangi zake sasa ni lugha ya gereji zote duniani: kahawia ni ampea 7.5, nyekundu 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Fundi asiyejua kusoma kibandiko cha Kijapani kwenye kifuniko cha Noah anaweza kusoma rangi.

Rudi sasa kwenye ushauri wa kuweka ya 30. Shoti kamili, ile ya shaba kukumbatia chuma, itaikata hata hiyo ya kijani. Hatari kubwa iko kwenye shoti nusu: nyuzi mbili tatu za shaba zinazogusa bodi yenye kutu na rangi, zikipitisha ampea 20 au 25. Fyuzi ya 10 ingekatika ndani ya sekunde chache. Ya 30 inatulia tuli, inauacha umeme huo upite kwa saa nzima kwenye waya mwembamba ambao haukupangiwa mzigo huo. Na joto haliongezeki sawasawa na umeme, bali kwa mraba wake: umeme ukizidi mara tatu, joto linazidi mara tisa. Shaba yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,085, lakini plastiki inayoivika hulainika mapema mno kabla ya hapo. Waya unaolainika umefungwa kwenye tita moja na nyaya nyingine kumi, nyuma ya dashibodi, karibu na zulia na sponji. Kutoka hapo hadi moshi ni hatua fupi.

Mji wenye historia ya magari

Si kila mji wa Tanzania una sababu ya kujivunia habari za magari, lakini Kibaha, upande ambao Noah yetu ilikuwa ikielekea, inayo. Eneo linaloitwa Tamco lilipata jina kutokana na kiwanda cha TAMCO, kilichounganisha malori ya Scania ya Sweden hapohapo kandokando ya Barabara ya Morogoro. Kibaha ndiko lilikowekwa pia Shirika la Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari kilicho chini ya wizara ya ulinzi, ambacho jina lake ni la lori lililobuniwa na Watanzania wenyewe. Na bado malori yanaunganishwa Kibaha hadi leo.

Lakini magari mengi yanayofika kwa mafundi wa Maili Moja, Picha ya Ndege au Mlandizi hayakutoka kwenye viwanda hivyo. Yaliletwa na meli kutoka Japani yakiwa yameshatumika miaka mingi, na yakaanza maisha ya pili kwenye barabara ambazo walioyasanifu hawakuziwazia. Barabara ya Morogoro inabeba mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi usiku na mchana. Ukiiacha lami pale Mlandizi na kushika njia ya kusini kwenda Mzenga na Maneromango, unaingia Kisarawe, nchi ya mikorosho na mihogo, ambako kwa miaka mingi gari limekutana na vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Upande wa pili, wanaofika Kisarawe mjini kutoka Gongo la Mboto wanapanda vilima vya Pugu, kando ya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambako unyevu unakaa hata asubuhi za jua.

Mtikisiko na unyevu ndio maadui wawili wa waya. Mtikisiko unausugua waya kwenye ukingo wa bati kama mtu anayekata kamba kwa kisu butu: haukati leo wala kesho, lakini unakata. Unyevu unaingia kwenye taa ya nyuma iliyopasuka kioo, unakaa ndani ya holda, unazaa kutu ya kijani inayofanya daraja kati ya chanya na ethi. Kuna adui wa tatu, anayekuja usiku gari likiwa limeegeshwa karibu na ghala la nafaka. Panya hutafuna ngozi ya waya na kuiacha shaba ikiwa uchi, na mwenye gari hawezi kujua mpaka taa zizimike.

Maswali kabla ya bisibisi

Dereva wetu wa Noah ana bahati, kwa sababu hakumsikiliza mwenzake. Anafika gereji chini ya mwembe, kwa fundi umeme mwenye umri wa baba yake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Gari linasemaje?"

"Lina shoti. Fyuzi ya taa za nyuma inakatika. Hii ni ya nne."

"Inakatika ukiwasha taa palepale, au mpaka utembee?"

"Mpaka nitembee. Kwenye mashimo."

"Ukikanyaga breki je, taa ya breki inawaka?"

"Inawaka."

"Na uliweka ya ngapi?"

"Ya kumi, kama ilivyoandikwa."

Fundi anatikisa kichwa kwa kuridhika. Majibu manne hayo yameshampunguzia nusu ya gari. Inayokatika ukiwasha tu ni shoti ya kudumu, waya umelala juu ya chuma. Inayokatika kwenye mashimo ni shoti ya kuja na kuondoka, kitu kinachocheza. Taa ya breki ina fyuzi yake, na kama inawaka vizuri basi shoti iko kwenye njia ya taa ndogo peke yake. Na njia hiyo katika Toyota nyingi haiishii nyuma. Fyuzi ya TAIL inalisha taa nyekundu mbili, taa ya namba ya gari, taa ndogo za mbele na mwanga wa dashibodi. Ndiyo sababu namba za spidi zilitoweka pamoja na taa za nyuma. Dashibodi iliyozimika ilikuwa ikimpa dereva habari ya mgongoni kwake.

Swali la ampea lilikuwa muhimu kuliko yote. Kama jibu lingekuwa "ya thelathini", fundi angeanza kwa kufungua dashibodi kuangalia kama tita la nyaya limeshayeyuka.

Balbu badala ya fyuzi

Fundi asiye na utaratibu huanza kuchana tepu. Anafungua nyaya huku na kule, anafunga tena, anabadilisha swichi, anabadilisha rilei, na kila jaribio linakula fyuzi moja na fedha za mwenye gari. Mwenye utaratibu anahitaji kitu kimoja ambacho kila gereji ina sanduku lake: balbu ya wati 21, ya breki au ya indiketa, iliyosoldewa nyaya mbili.

Anachomoa fyuzi iliyoungua na kuiunganisha balbu hiyo mahali pake, waya mmoja kwenye kila mdomo wa fyuzi, kisha anawasha taa za gari. Balbu imekuwa mlango ambao umeme wote wa njia ile lazima upitie. Hata kama kuna shoti kamili, hautapita umeme zaidi ya ampea 1.75, kwa sababu balbu yenyewe inazuia. Waya hauungui, fyuzi hailiwi, na fundi ana muda wote anaoutaka.

Tena balbu hiyo inazungumza. Ikiwaka kwa nguvu zake zote, maana yake umeme unapita na kurudi kwenye betri bila kukutana na balbu nyingine yoyote, yaani shoti ipo sasa hivi. Ikiwaka hafifu, kama kaa la moto linalofifia, maana yake umeme unagawana kazi na balbu za kawaida za gari, na njia kwa wakati huo ni nzima.

Kwenye Noah yetu inawaka hafifu, kama ilivyotarajiwa kwa gari lililosimama. Basi fundi anamtuma kijana wa gereji azunguke. Anatikisa nyaya za taa ndogo ya mbele kushoto, hakuna kitu. Kulia, hakuna kitu. Anagonga taa ya nyuma kushoto kwa ngumi, balbu haibadiliki. Ya kulia pia. Anafungua mlango wa nyuma, ule unaonyanyuka juu, na balbu iliyo kwenye fyuzi inafura mwanga ghafla. Anaushusha, inafifia. Anaupandisha tena, inang'aa.

Hapo ndipo kanuni ya kugawa katikati inapoingia. Njia ya umeme ni kama mto wenye vijito. Ukitaka kujua maji machafu yanatoka wapi huna haja ya kupima kila kijito. Unasimama kwenye makutano na kuziba upande mmoja. Fundi anachomoa soketi inayopeleka umeme kwenye mlango wa nyuma. Anaunyanyua mlango mara tano na balbu haiongezi mwanga hata kidogo. Shoti iko ng'ambo ya soketi ile, na ng'ambo ile kuna taa moja tu ya fyuzi hii, yaani taa ya namba, na waya usiozidi urefu wa mtu mzima. Gari lote lililobaki limeachiwa huru katika muda wa kunywa chai.

Gari lenye shoti ya kudumu linatafutwa kwa njia hiyohiyo, ila bila kutikisa. Balbu inawaka kwa nguvu tangu mwanzo. Fundi anachomoa soketi moja baada ya nyingine, mbele kwanza kisha nyuma, na inapofifia anajua soketi ya mwisho aliyoichomoa ndiyo yenye tawi bovu.

Mtego wa mita

Wapo wanaopendelea mita badala ya balbu, na mita ni chombo kizuri ukijua uongo wake. Unaondoa temino ya hasi ya betri, unaweka mita kwenye omu, unagusa mdomo wa fyuzi unaoelekea kwenye taa na mguu mwingine kwenye bodi. Ikisoma sifuri au ikilia, vijana wengi hupiga kelele: shoti!

Mara nyingi si shoti. Ni balbu. Uzi wa balbu ukiwa wa moto una ukinzani mkubwa, lakini ukiwa baridi ukinzani wake unashuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Balbu ya wati 21 inayofikia omu 7 ikiwaka, ikiwa baridi ina chini ya omu moja. Ndogo ya wati 5 iliyo baridi ina kama omu 3, na ukiwa nazo nne au tano kwenye njia moja, mita inaona ukinzani mdogo kiasi cha kulia. Fundi anayejua hilo huzitoa balbu zote kwanza, ndipo anapoiamini mita. Asiyejua hutafuta kutwa nzima shoti isiyokuwapo.

Na kwa nini temino ya hasi hutangulia kufunguliwa? Kwa sababu spana iliyoshika nati ya chanya ikigusa bodi kwa bahati mbaya, spana yenyewe inakuwa shoti, nayo inaweza kuwa nyekundu mkononi. Spana iliyoshika nati ya hasi ikigusa bodi haifanyi kitu, maana viwili hivyo tayari ni kitu kimoja. Wakati wa kurudisha, chanya inatangulia na hasi inafunga kazi. Pete na saa ya chuma hubaki mfukoni.

Ndani ya mpira mweusi

Mlango wa nyuma wa Noah, kama wa IST, Probox au Hiace, unapata umeme kupitia mpira mweusi uliokunjwakunjwa, juu karibu na bawaba. Kila mlango unapofunguliwa nyaya zilizo ndani zinanyooka, ukifungwa, zinapinda. Gari la familia hufunguliwa nyuma mara chache kwa wiki. Gari la mihogo hufunguliwa kila kituo, kwa miaka.

Fundi anausukuma mpira kando. Ndani zimo nyaya tano. Mmoja, wa kijani, ngozi yake imepasuka kuzunguka kama bangili na shaba imechungulia, nyuzi zake chache zimekatika na kusimama kama miiba. Ncha ya miiba hiyo ina weusi wa cheche, na kwenye ukingo wa bati, palepale waya unapogusa mlango ukicheza, rangi imeungua na kubaki kidoti cheupe cha chuma. Kidoti hicho hakizidi punje ya mtama. Ndicho kilichokula fyuzi nne.

Nyaya mbili jirani zake zina nyufa pia, ingawa bado hazijafunguka. Mmoja kati ya hizo ni mweupe wenye mstari mweusi, rangi ambayo Toyota nyingi hutumia kwa ethi. Ungekatika huo, taa ya namba ingezimika bila fyuzi kukatika, na mwenye gari angerudi akisema shoti imerudi.

Kuzungusha tepu juu ya ufa huo ni kuahirisha tatizo. Gundi ya tepu hulegea kwa joto la jua la pwani, na waya uliochoka kupinda utapasuka sentimita moja pembeni. Fundi anaikata sehemu yote iliyozeeka ya nyaya zote tatu, anaweka vipande vipya vya waya laini wenye nyuzi nyingi, unene uleule, na kuviacha virefu kidogo ili mlango ukifunguka visivutwe. Maungio yanasoldewa na kuvikwa mpira unaosinyaa kwa moto, tena yanapangwa kila moja mahali pake, ndani ya bodi na ndani ya mlango, pasipopinda. Mwisho mpira mweusi unarudishwa na kukazwa, kwa sababu ukiachwa nje maji ya masika yatafuata nyaya hadi ndani.

Si kila giza ni shoti

Barabarani neno shoti limekuwa jina la kila ugonjwa wa umeme, na kuchanganya magonjwa kunagharimu. Waya uliokatika hauli fyuzi; unaizima taa yake tu. Ethi mbovu nayo haili fyuzi, lakini inaleta vituko: ukiwasha indiketa ya kulia, taa nyekundu ya kulia inapepesa pamoja nayo, ukikanyaga breki, taa nyingine zinafifia. Umeme umekosa njia ya kurudi na unarudi kinyumenyume kupitia balbu za jirani. Tiba yake ni msasa, nati iliyokazwa na chuma kisafi. Fyuzi inayokatika ndiyo alama ya kwanza ya shoti halisi, au ya mzigo uliozidi.

Mzigo uliozidi mara nyingi unaletwa na mwenye gari mwenyewe. Anayetaka mwanga mkali zaidi hununua balbu za wati 100 kuweka mahali pa zile za 55. Moja inavuta ampea 8.3, mbili zinakaribia 17, na fyuzi ya 15 inaweza kukatika ingawa hakuna waya hata mmoja uliochunika. Akiweka fyuzi kubwa, kinachofuata ni holda ya plastiki kuyeyuka nyuma ya taa. Taa za ukungu na redio zilizofungwa kwa kuchomeka waya kwenye tita la kiwandani huleta matatizo ya aina hiyo. Njia salama ni kuzipa rilei yake na fyuzi yake kutoka kwenye betri.

Wapo pia waliobadilisha balbu ya breki, yenye nyuzi mbili za wati 21 na 5, wakaweka yenye uzi mmoja kwa kuwa ilikuwa karibu. Kitako chake kimoja kipana kinagusa sehemu mbili za holda kwa pamoja na kuunganisha njia ya breki na ya taa ndogo. Dereva anakanyaga breki, dashibodi inawaka mchana kweupe. Kwa anayevuta tela, mahali pa kwanza pa kuangalia ni soketi ya nyuma ya pini saba, inayokaa chini karibu na magurudumu ikipokea tope lote la njia.

Malori yana betri mbili na volti 24, lakini utafutaji ni uleule, alimradi balbu ya kupimia iwe ya volti 24. Magari mapya zaidi yana kompyuta inayolinda taa na kukata umeme yenyewe bila fyuzi kuungua, na hayo yanahitaji mashine ya kusoma hitilafu kabla ya mtu kuanza kuchomeka balbu. Na kwenye magari ya haibridi, nyaya nene za rangi ya machungwa hubeba umeme wa volti mia kadhaa. Hizo haziguswi na asiyefunzwa, hata kama taa inayotafutwa iko jirani.

Mafunzo yapo. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, inafundisha umeme wa magari na pia ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunzia gereji. Nchi yenye magari makuukuu mengi kama yetu inawahitaji watu hao kama inavyowahitaji wajenzi wa barabara, kwa sababu taa nyekundu iliyozimika usiku, kwenye barabara ya malori, ni roho za watu.

Chini ya mwembe, fundi amemaliza. Kabla ya kurudisha fyuzi anaweka mita mahali pake, safari hii kwenye ampea. Inasoma 2.5. Anapiga hesabu kichwani: balbu tano za wati 5, na vidogo vya dashibodi. Inaingia. Anachomeka fyuzi nyekundu ya 10, ananyanyua na kushusha mlango wa nyuma mara ishirini huku akisikiliza, kisha anamwita kijana asimame nyuma ya gari.

"Kushoto?"

"Inawaka."

"Kulia?"

"Inawaka."

"Namba?"

"Naisoma yote, fundi."

"Haya, mwanangu," anamwambia dereva, akimkabidhi kipande cha waya wa kijani kilichopasuka. "Kiweke mbele hapo kwenye dashibodi. Mwenzako akija na ile ya thelathini, umwonyeshe."